Maji safi yaliwaua vikojozi wangu

Kikojozi wangu wa kwanza, mnyama laini wa baharini, alikufa katika maji yaliyong'aa kiasi kwamba, ukisimama upande mmoja wa tangi, ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la mtu aliye upande wa pili. Chumvi ilikuwa gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 26, amonia, ile sumu ya uozo, sifuri, na kioo nilikuwa nimekifuta jioni ile ile. Nilikaa naye siku 97. Nilizihesabu baadaye kwenye daftari, nikazirudia mara ya pili kwa sababu sikuamini kwamba kiumbe anaweza kuhudumiwa siku zote hizo na asionekane kuwa anakufa.

Mimi ni mkunga. Naishi pembeni ya mji wa Unguja, lakini kwetu ni Jambiani, ambako mama yangu amelima mwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shule zikifungwa tulikuwa tukimfuata shambani maji yakipwa, tukimsaidia kufunga mbegu kwa tai-tai, zile nyuzi za kufungia mwani, na kukwangua uchafu ulioshika kamba. Ndani ya uchafu huo walikuwamo vifuko laini, vingine vya rangi ya maziwa, vingine vyeusi na vigumu kama ngozi ya kiatu. Ukikibonyeza kimoja kinakurushia maji usoni. Sisi watoto tukiwaita vikojozi, na mpaka leo nyumbani kwetu jina ni hilo. Wataalamu huwaita asidia.

Sikujua wakati ule kwamba kile nilichokuwa nikikitupa ufukweni ni mnyama mwenye moyo. Kwa macho anafanana na kipande cha sifongo au chaza asiye na ganda, lakini ana matundu mawili: kwa moja anavuta maji, kwa jingine anayatoa. Katikati ana chujio linaloenea karibu mwili mzima. Mwenye kutaka kumwelewa akumbuke kifumbu cha kukamulia tui. Kikojozi ni kifumbu kilicho hai, kimepakwa ute ndani, na maji yanapita humo mchana na usiku ili ute unase vijidudu na mimea ambayo jicho haliwezi kuiona. Koti lake la nje lina selulosi, kile kile kilichomo ndani ya pamba na karatasi. Yeye na jamaa zake ndio wanyama pekee wanaojulikana kuitengeneza wenyewe.

Tangi nililipata kwa familia iliyokuwa ikihama. Lita 240, pamoja na tangi dogo la chini la kusafishia maji, pampu mbili, taa, soksi ya kuchujia na skima, ule mtungi unaopuliza viputo vidogo ili povu libebe uchafu na kuutoa nje. Waliniachia pia samaki wawili wa rangi ya chungwa na kamba mmoja mwekundu mwenye mistari myeupe, aliyekuwa akiwapanda samaki mgongoni kuwasafisha. Kwa miezi mitano nilijifunza kulitunza. Maji nilikuwa nikichota mwenyewe kwa madumu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, na nikiyapima chumvi kabla ya kuyaleta nyumbani. Wakati wa masika hupima mara mbili, kwa maana mvua ikinyesha siku tatu mfululizo maji ya ufukweni karibu na mji hushuka chumvi na kubeba tope. Tangi likatulia. Watu wakija nyumbani walikuwa wakikaa mbele yake kabla hata ya kuulizana hali.

Ndipo nikawakumbuka vikojozi.

Wanne wa kwanza niliwatoa kwenye kamba ya nanga iliyochakaa, ambayo mwenye mashua alikuwa akiitupa. Nataja hilo kwa makusudi. Bahari yetu ina maeneo yaliyofungwa, kama Chumbe ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994 na hakuna kuvua wala kuokota, na hata pasipofungwa sioni sababu ya kubandua mnyama kwenye mwamba wakati kamba, maboya na miguu ya magati imejaa hao hao. Tena anayebanduliwa huchanika chini na mara nyingi haponi. Nilikata kamba vipande, kila kikojozi akabaki ameshika kipande chake, nikavitia vyote kwenye dumu lililojaa maji mpaka kizibo kikafukuza hewa. Walikuwa wakubwa, wenye ngozi ya kahawia, kila mmoja kama embe changa. Usiku ule ule wote wanne walifungua midomo. Nilikaa sakafuni na tochi mpaka saa saba, nikiona ndani ya mdomo wa mmoja wao rangi ya zambarau iliyofifia.

Kwa wiki sita sikuwa na wasiwasi wowote. Walikuwa wakifunga nikipitisha mrija karibu yao, wakifungua baada ya dakika chache. Hawakuhama, hawakugombana, hawakudai chakula. Samaki nikiwanyima siku moja wanakuja kwenye kioo. Kikojozi hana namna ya kuja kwenye kioo.

Siku ya 97 nilitoka zamu ya usiku. Harufu nilianza kuisikia mlangoni. Tangi lilikuwa na ukungu mweupe, samaki wanahema juu juu, kamba amelala ubavu. Amonia ilisoma miligramu moja kwa lita. Nilitafuta chanzo chini ya mawe yote kabla ya kuwagusa vikojozi, kwa sababu kwa macho wote wanne walikuwa vile vile kama jana. Mmoja nilipombonyeza hakufunga. Nilimtoa, nikambonyeza tena nje, akavujisha maji ya kijivu. Nilibadilisha maji lita 100 kwa madumu niliyokuwa nimeyaweka akiba. Samaki waliokoka, kamba hakuokoka.

Nilimpasua yule maiti kwa mkasi juu ya sinki. Koti lilikuwa nene na zima. Ndani yake mwili ulikuwa umesinyaa ukabaki kama zabibu kavu ndani ya kifuko cha ngozi. Hakuna kidonda wala mdudu. Alikuwa amekonda. Nimeona watoto wa namna hiyo kazini, wanaoletwa wakiwa wamevishwa nguo nzuri na kofia, na uzito wao unajulikana tu ukishavua nguo na kuwaweka kwenye mizani. Niliumia kwa sababu nimefundishwa kutazama jambo hilo hilo. Kila mtoto wa kliniki ana kadi, kila mwezi anapimwa, na mstari ukilala tunauliza kabla haujashuka. Wale wanne sikuwapima hata siku moja.

Mama alikuja mjini Iddi ilipokaribia. Alisimama mbele ya tangi akiwa hajavua hata mtandio.

"Mwanangu, hawa si vikojozi wa kambani?"

"Ndio hao, mama. Walikuwa wanne, mmoja amekufa."

Aliinama, akatazama kwa muda. Mama yangu amesimama ndani ya maji ya Jambiani zaidi ya miaka 30, na akitazama maji hatazami kama mimi.

"Haya maji hayana kitu," akasema. "Kule kwetu kamba zinazojaa vikojozi mpaka zikazama ni zile za penye mkondo, maji yana vumbi vumbi. Zile za maji meupe humkuti hata mmoja. Wewe umewatia kwenye maji ya kunywa."

Akaenda jikoni. Mimi nilibaki pale na skima ikinguruma. Kila saa ya siku mtambo ule ulikuwa ukitoa kwenye maji kile alichobakiza soksi, na soksi ikitoa kile alichobakiza skima, na mimi nikifurahia uwazi. Kwa samaki wawili uwazi huo ulikuwa afya. Kwa mnyama anayeishi kwa kuchuja, nilikuwa nimemweka mbele ya sahani iliyosuguliwa, siku 97.

Nilikosea tena kabla ya kupatia. Kwa haraka ya kuwalisha waliobaki nilisaga nyama ya kamba kwenye blenda, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina. Wote watatu walianza kujikamua kwa nguvu, kama mtu anayekohoa maji yaliyompalia, wakirusha kila walichokivuta. Baadaye wakafunga na hawakufungua mpaka kesho yake. Chembe zile zilikuwa kubwa mno. Chakula chao hupimwa kwa sehemu za elfu moja za milimita. Unachoweza kukiona kwa macho kikielea, aghalabu kimeshawapita kwa ukubwa. Maji nayo yalichafuka nikalazimika kuyabadilisha. Mmoja wa watatu hao alikufa wiki mbili baadaye. Huyu nilimuona mapema: nilikuwa nimeanza kuwagusa kila asubuhi kwa ncha ya mrija, na asubuhi aliyochelewa kufunga nilimtoa nikamweka kwenye ndoo peke yake. Aliozea huko, tangi halikudhurika. Mnyama huyu akifa usimsubiri. Ngozi inamficha, na kabla hujanusa chochote tayari ameshawatia sumu wenzake.

Kinachohitajika ni mwani mdogo ulio hai, ule wa chembe moja moja, na nilimpata anayeujua. Ndugu yangu mmoja hufanya kazi panapototoleshwa jongoo bahari. Watoto wa jongoo nao hula huo huo wakiwa bado wanaelea, kwa hiyo mahali kama hapo pana chupa na mitungi ya mwani mchana na usiku. Alinipa nusu lita mbili: moja ya kijani iliyokolea, inaitwa Nanokloropsisi, na moja ya rangi ya asali, Isokrisi. Akanipa pia kichupa cha mbolea yake na maneno mengi ya tahadhari, nikayasikiliza nusu.

Chupa ya kwanza ilikufa siku ya tano. Nilikuwa nimeiweka dirishani nikidhani jua ni neema, na jua la Unguja saa nane mchana liliichemsha. Ya pili ilibadilika ikawa maji matupu kwa usiku mmoja. Nilipotazama kwa lenzi niliona vijidudu vinavyozunguka kwa mamia, vimekula shamba lote. Vilitoka kwenye tangi langu mwenyewe. Nilikuwa nimetumia mrija mmoja kwa kazi zote mbili. Kuanzia hapo mambo ya mwani yana meza yao, mrija wao na taulo lao, na nanawa mikono kama naingia chumba cha kuzalishia. Maji ya bahari nayapasha mpaka yaanze kufuka mvuke, siyaachi yatokote, nayafunika yapoe, kisha nayapunguza chumvi kidogo kwa maji matamu yaliyochemshwa. Chupa za kawaida za lita moja na nusu, mrija wa hewa ndani ya kila moja, taa ya ledi ukutani, kivuli na feni. Siku ya saba rangi imekolea. Nusu naivuna, nusu naijaza maji mapya na tone la mbolea, inaanza tena. Sikuzote nabakiza chupa moja ya akiba chumba kingine, kwa maana chupa zinazokaa pamoja hufa pamoja. Mwani mzima una harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Ukisikia harufu ya yai, mwaga na usione huruma.

Kiasi cha kulisha kilinichukua muda mrefu kuliko kukuza. Mwanzoni nilimimina nusu lita mara moja asubuhi, tangi likawa kijani, na baada ya saa tatu likawa jeupe tena. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye skima. Sasa nazima skima na kuondoa soksi kwa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na natia kidogo kidogo. Siku ambazo niko zamu, pampu ndogo ya matone hufanya kazi yangu. Pampu za mzunguko haziguswi, kwa sababu chakula kisichosogea hakimfikii asiyeweza kusogea. Hilo la mkondo mama alilisema tangu siku ya kwanza na mimi nilisikia la vumbi tu. Nilimhamisha mmoja wa wawili waliobaki, kutoka pembe tulivu nilikomweka kwa kudhani anapenda utulivu, hadi njia ya pampu, na ndani ya saa moja mdomo wake ulikuwa wazi kwa upana ambao sijawahi kuuona.

Bila shaka maji yaliyolishwa hivyo huchafuka. Naitrati, mabaki ya uchafu majini, ilipanda, na utando wa kahawia ukaanza kwenye mawe. Ningeweza kununua vifaa zaidi. Badala yake nilimwomba mama kichane kimoja cha spinosamu, aina ya mwani wa kulimwa, kutoka shambani, nikakifunga kwa tai-tai kwenye uzi ndani ya tangi la chini, chini ya taa kali na mkondo. Kikaanza kukua. Kila baada ya wiki chache napunguza, nao unaondoka na uchafu ulioula. Mama aliposikia kwamba nalima mwani sebuleni aliniuliza bei ya kilo ni ngapi huko mjini.

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda popote, nabandika rula kwenye kioo na kupiga picha pale pale, taa ile ile, saa ile ile. Naandika urefu na upana wa mdomo ukiwa wazi. Nimechora mistari kwenye daftari kama ile ya kadi za watoto. Ilichukua miezi miwili mstari wa yule wa kwenye mkondo kuacha kushuka. Wa mwenzake haukuacha. Nilimhamisha naye, nikaongeza chakula, lakini nadhani alikuwa ameshakonda kupita mahali pa kurudi. Alikufa ndani ya ndoo mwezi wa saba tangu aje, na nilikaa karibu naye kama ninavyokaa karibu na yeyote.

Wakati huo wote, ndani ya tangi langu walikuwamo vikojozi wengine ambao sikuwaleta.

Niliwagundua nilipofungua bomba linaloshusha maji kwenda tangi la chini, nikidhani limeziba kwa tope. Ndani, gizani kabisa, ukuta ulikuwa umejaa vikojozi vidogo vya kioo, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele wa basmati, vimeshikana kwa uzi mwembamba kama shanga. Wengine walikuwa chini ya jiwe la nyuma, upande usioona taa. Walikuwa wamekuja na zile kamba bila mimi kuwaona, na wakati wakubwa wakifa njaa katikati ya tangi mbele ya macho yangu, wao walikuwa wakizaana pale ambapo maji yote ya tangi hupita, na chembe zote huwafikia kabla ya soksi, pasipo mwani wa kuwafunika. Nilikuwa na brashi mkononi. Niliirudisha. Bomba nililisafisha nusu, nusu nikawaachia.

Nikitaka kumshauri mtu anayeanza, ningemwambia aanzie kwa hawa. Asinunue wala asibandue. Achukue kipande cha kamba kuukuu au ganda la kombe lililokaa majini, akitie kwenye tangi lililokwisha kutulia, na asubiri aone nani atatokea gizani. Atakayetokea amechagua mwenyewe mahali pa kuishi. Wale wakubwa na warembo wa miambani, wa buluu iliyokoza, au wale weupe wenye kijani ndani ambao hufuga vijidudu vya kutengeneza chakula kwa mwanga, ni viumbe wa kutazamwa ukiwa na miwani ya kupigia mbizi. Mimi siwaleti nyumbani.

Ni hao wa bombani walionionyesha moyo. Nilihamisha kipande chenye sita kwenye gilasi ya maji ya tangi, nikawaweka mbele ya tochi na lenzi. Mwili wao hauna siri. Chujio linaonekana kama dirisha lenye nondo, utumbo umejikunja na mstari wa kijani wa chakula nilichowapa asubuhi, na chini kabisa mrija mdogo unaojiminya. Kazi yangu ni kuhesabu mapigo. Nimeweka sikio kwenye fetoskopu maelfu ya mara, natafuta ile 110 hadi 160 ya mtoto tumboni, kwa hiyo nilianza kuhesabu bila kujiuliza. Mawimbi yalikuwa yakienda kushoto kwenda kulia. Nilipofika 80 na ushei yakapungua, yakasimama. Nilishika pumzi. Mkunga akisikia moyo umesimama mwili wake wote unajua la kufanya, na pale palikuwa hapana la kufanya. Kisha ukaanza tena, ukienda kulia kwenda kushoto.

Nilidhani naangalia vibaya. Nikahesabu tena, na tena. Moyo wa kikojozi hugeuza njia: husukuma damu upande huu kwa dakika chache, hupumzika, halafu huisukuma upande ule, maisha yake yote. Wataalamu walilijua hilo tangu zamani. Mimi nilikuwa nalijua kwa dakika arubaini, saa tisa za usiku, na nilitamani kumwamsha mtu.

Miezi michache baadaye niliona jambo la pili. Asubuhi moja, muda mfupi baada ya taa kuwaka, juu ya kioo palikuwa na vidoa vyenye mkia, vikitikisika kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Nilivuta kadhaa kwa mrija. Kiluwiluwi cha kikojozi hakili. Ana saa chache tu za kutafuta mahali, na ndani ya mkia wake kuna ufito laini unaoushikilia. Ufito huo huo, notokodi, hutokea kwa mtoto wa binadamu katika wiki ya tatu tumboni, kabla mama hajajua vizuri kwamba amebeba; uti wa mgongo hujengwa kuuzunguka. Mrusi Alexander Kowalevsky aliandika juu ya mabuu hawa mwaka 1866, na tangu hapo kikojozi akahama kutoka ukoo wa chaza akaja upande wetu. Ndugu yetu huyu akishapata mahali hujibandika kwa kichwa, mkia unamezwa na mwili, ufito unatoweka, na anabaki kifumbu. Kati ya niliowavuta, wawili walijibandika kwenye gilasi kabla ya adhuhuri. Gilasi hiyo sijaitumia tena kwa chai. Imo ndani ya tangi.

Mengine ni ya kupita haraka. Dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi lenye vikojozi. Samaki akiugua mtoe umtibu kwenye ndoo. Kaa mdogo anayekuja amejificha ndani ya jiwe atawatafuna usiku. Samaki wa aina ya vipepeo huwadonoa, hata kama muuzaji ameapa. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima, maana wao wanatumia hewa ya majini kama wengine na hawana jinsi ya kupanda juu kuitafuta. Mimi ninazo mbili, moja iko chini ya kitanda. Na wale walaini wa kioo usiwatoe nje ya maji hata kwa sekunde. Wahamishe ndani ya gilasi au mfuko ukiwa umezama. Kikojozi wa ngozi ngumu anayeishi kwenye kupwa na kujaa anajua kufunga mdomo akasubiri bahari irudi, lakini huyu mwingine hewa ikimwingia hubaki humo.

Yule wa nne, aliyehamia kwenye mkondo, bado yupo. Ana miaka miwili na miezi minne kwangu. Hajakua. Nimekubali kwamba huenda asikue, na kwamba chupa zangu sita si Bahari ya Hindi. Juu ya ngozi yake wamejibandika watatu wale wadogo wa kioo, na mmoja wao ana mwingine pembeni. Mama akipiga simu huuliza hali ya watoto, kisha husema, "Na yule mzee?"

Ijumaa hii nimemsoma milimita 71. Ijumaa iliyopita 71. Sasa ni saa mbili usiku, skima nimeshaizima, soksi iko kwenye ndoo, na chupa ya rangi ya asali iko mkononi.